Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Jinsi Matangazo ya Vyakula vya Haraka Yanavyotushawishi Nairobi

Maswali yaliyo hapa chini yamekusanywa kutoka kwa wazazi, wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi wa ofisini jijini Nairobi, ambao huyarudia kwa maneno tofauti kila mazungumzo yanapofikia kuku wa kukaanga, piza na chipsi. Yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yenye utata. Msomaji anaweza kuanzia swali lolote. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, nambari ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Tunaposema vyakula vya haraka, tunamaanisha nini hasa?

Tunamaanisha chakula ambacho sehemu kubwa ya maandalizi yake imekwisha kufanywa kabla mteja hajafika, kinachouzwa kwa menyu fupi isiyobadilikabadilika, na kinachokabidhiwa kwenye kaunta baada ya dakika chache. Kwa maana hiyo, kibanda cha chipsi cha Githurai kinauza chakula cha haraka sawa na mkahawa ulio ndani ya jumba la maduka la Westlands. Majibu mengi hapa yanazihusu kampuni zenye matawi mengi, kwa kuwa ndizo zenye fedha za kununua mabango na muda wa kupanga ushawishi wao kwa makini. Vibanda vina swali lao, la 20.

2. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, kutangazwa sana si dalili kwamba chakula chenyewe ni kibaya?

Si lazima. Kuku wa kukaanga wa kampuni moja na yule wa kampuni jirani wanakaribiana sana kwa ladha, na mtu aliyefungwa macho huenda asiwatofautishe. Wala hakuna Mnairobi anayehitaji kuaminishwa kwamba chipsi za moto ni tamu. Hilo alilijua akiwa bado shule ya msingi.

Kazi kubwa ya tangazo iko kwingine. Tangazo humpangia mtu ni lini atakula, akiwa na nani, na kwa kiasi gani. Linauteka wakati fulani na kuupa jina la chapa: Jumanne ikawa ya piza, mwisho wa mwezi ukawa wa kuku wa ndoo, usiku wa mechi ukawa wa vipande vya kugawana, na matokeo mazuri ya mtihani yakawa safari ya kwenda kwenye jumba la maduka. Wakati huo ukishatekwa, mteja haoni tena kwamba anashawishiwa, kwa sababu anaona anafuata mazoea yake mwenyewe. Msomaji akilishika jambo hili moja, majibu mengine mengi yatamjia bila kusoma.

3. Ushawishi una tofauti gani na uongo?

Uongo husema jambo lisilo kweli, kwa mfano kwamba nyama ni ya ng'ombe ilhali si ya ng'ombe. Ushawishi huchagua ukweli wa kuonyeshwa, mpangilio wake na saa ya kuuonyesha. Bango la baga lililowekwa kwenye foleni ya magari ya Barabara ya Thika saa kumi na mbili jioni halijasema uongo wowote. Limemkuta tu mtu mwenye njaa, aliyechoka, asiye na mahali pa kwenda. Sheria hushughulika zaidi na uongo (tazama swali la 22), na ndiyo maana mambo mengi yanayotushawishi ni halali kabisa.

4. Mimi huwa siangalii matangazo. Je, bado yananigusa?

Ndiyo, kwa njia mbili. Ya kwanza ni mazoea ya macho. Mwaka wa 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu walichokiona mara nyingi, hata kama hawakuwa wamekitilia maanani. Nembo iliyo kwenye kona ya jengo, kwenye mfuko wa karatasi wa jirani ndani ya matatu na kwenye sanduku la mwendesha bodaboda huhesabika yote, hata kama mtu huzima televisheni kila matangazo yanapoanza.

Njia ya pili ni watu wengine. Mtu asiyetazama matangazo hufanya kazi na wanaoyatazama, na mwenzake wa meza ya pili akiuliza saa tano na nusu nani anachanga kwa ajili ya piza, tangazo limekwisha kumfikia likiwa na sura ya rafiki. Mfano mmoja unatosha kuonyesha nguvu hiyo: hadi tunapoandika, McDonald's haina mkahawa hata mmoja nchini Kenya, lakini ni vigumu kumpata mtoto wa Nairobi asiyeitambua ile herufi ya njano.

5. Mikahawa hii ilianza lini kuwa ya kawaida jijini?

Si jambo la juzi. Wakazi wa siku nyingi wanaikumbuka Wimpy ya katikati ya jiji. Kenchic ilianzishwa mwaka wa 1984, na mikahawa yenye jina lake ni miongoni mwa ile iliyowazoesha watu wa kipato cha wastani kula kuku na chipsi nje ya nyumba bila kungoja sikukuu. KFC ilifungua tawi lake la kwanza mwaka wa 2011 katika jumba la Junction, Barabara ya Ngong, na Burger King ikaja Karen mwaka wa 2016.

Kampuni ya Simbisa, yenye asili ya Zimbabwe, ndiyo inayoendesha Pizza Inn, Chicken Inn na Creamy Inn, na mara nyingi maduka hayo hukaa chini ya paa moja. Mpangilio huo nao ni ushawishi. Katika kundi la watu watano, yule mmoja asiyetaka kuku ndiye anayeweza kuwahamisha wengine wanne. Akipata piza au aiskrimu hatua tatu kutoka kwenye meza yao, hana tena sababu ya kupinga.

## Bei na ofa

6. Kwa nini bei huandikwa 990 badala ya 1,000?

Kwa sababu jicho husoma kutoka kushoto na huishika tarakimu ya kwanza. Tofauti ni shilingi kumi, lakini akilini bei moja inakaa kwenye mamia na nyingine kwenye maelfu.

7. Katika ofa ya Jumanne, ambapo ukinunua piza moja unapewa nyingine, ile piza ya pili ni ya bure kweli?

Ni ya bure kwa maana kwamba haikuongezewa bei siku hiyo. Pizza Inn imeiendesha ofa ya Jumanne kwa miaka mingi kiasi kwamba watu huitaja siku hiyo bila kutaja mkahawa, na ndiyo ofa inayofundisha zaidi kuhusu biashara hii.

Kwanza, Jumanne ni siku dhaifu. Ijumaa na Jumamosi hazihitaji msaada. Jiko limewashwa, wafanyakazi wapo, kodi ya chumba inalipwa, na gharama ya unga, jibini na nyanya kwa piza moja ya ziada ni ndogo kuliko hasara ya meza tupu. Pili, ofa inamhitaji mtu wa pili. Mtu anayekula peke yake hawezi kuifaidi, kwa hiyo yeye mwenyewe huanza kutafuta mwenzake, na kampuni inapata mtangazaji asiyelipwa. Tatu, ofa ikishakuwa ya kudumu, bei ya siku nyingine hupangwa ikijulikana kwamba ofa ipo. Mteja anayenunua piza moja Alhamisi analipa bei ambayo kazi yake mojawapo ni kuifanya Jumanne ionekane ya ajabu.

Tuseme piza ni shilingi 1,200. Mume na mke waliokuwa wagawane moja sasa wanarudi nyumbani na mbili, wamelipa 1,200 ileile ambayo wangelipa siku yoyote, na wamekula mara mbili. Hawakupoteza pesa. Kilichobadilika ni kiasi cha chakula kinachohesabiwa kuwa cha kawaida kwa watu wawili, na kiasi hicho hakirudi chini kwa urahisi Jumatano. Inafaa pia kuyasoma masharti: mara nyingi ofa huwa ya saizi fulani tu, na vionjo vya kuongeza hulipiwa.

8. Kwa nini mlo wa pamoja huonekana nafuu kuliko kununua kimoja kimoja?

Kwa sababu mara nyingi ni nafuu kweli, ikiwa mteja alikuwa anavitaka vyote. Mlo wa pamoja, ambao kwenye menyu nyingi huitwa kombo (neno ambalo katika Kiswahili cha siku zote lina maana ya kupinda, lakini tusiwasingizie wapishi), huunganisha kitu ambacho mteja alikuja kukinunua na vitu viwili ambavyo humpa muuzaji faida kubwa zaidi, yaani chipsi na soda. Swali la kujiuliza ni iwapo soda ingenunuliwa kama isingekuwamo.

Soda hiyo si kitu kidogo. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ina sukari zaidi ya gramu 50. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50. Mtu ameimaliza sehemu yake ya siku kwa kitu ambacho hakukiagiza. Kilikuja tu na kuku.

9. Kwa nini kuna saizi tatu, na ile ya kati haina faida yoyote?

Saizi ya kati mara nyingi ni chambo. Tuseme chipsi ndogo ni shilingi 150, za kati 250 na kubwa 280. Hakuna atakayenunua za kati, lakini kuwapo kwake kunafanya zile kubwa zionekane kama zawadi ya shilingi thelathini. Zikiondolewa, mteja analinganisha 150 na 280, na wengi watarudi kwenye ndogo. Watafiti Joel Huber, John Payne na Christopher Puto waliieleza tabia hii mwaka wa 1982, na imepimwa mara nyingi tangu hapo.

Saizi kubwa zenyewe zilizaliwa kwa sababu ya aibu. David Wallerstein, aliyefanya kazi katika biashara ya sinema Marekani, aligundua kwamba watazamaji hawakutaka kuonekana walafi kwa kurudi kununua mfuko wa pili wa bisi, lakini walikubali mfuko mmoja mkubwa bila wasiwasi. Baadaye aliingia kwenye bodi ya McDonald's na kuisukuma kampuni hiyo ianzishe chipsi za saizi kubwa. Ile saizi yake kubwa kupita zote iliondolewa kwenye menyu za Marekani mwaka wa 2004, baada ya lawama nyingi.

10. Mhudumu anapouliza, "Nikuongezee soda?", ananijali au anauza?

Anauza, na kwa kawaida ameagizwa aulize. Swali hilo huja wakati mteja ameshafungua pochi, watu wako nyuma yake kwenye foleni, na kukubali ni rahisi kuliko kukataa. Mhudumu hastahili kukasirikiwa. "Hapana, asante" inatosha, na huenda hatauliza tena.

11. Kadi za pointi zina ubaya gani?

Hazina ubaya kwa mtu ambaye angekuja hata bila kadi. Nguvu yake iko kwenye hisia ya kwamba safari imekwisha kuanza. Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha mwaka wa 2006 jaribio lililofanywa kwenye kituo cha kuosha magari: wateja wengine walipewa kadi ya mihuri minane, wengine kadi ya mihuri kumi ambayo miwili ilikuwa imeshagongwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ileile, yaani kuosha gari mara nane, lakini waliomaliza kadi ya kwanza walikuwa asilimia 19 na waliomaliza ya pili asilimia 34. Programu ya simu inayomkaribisha mteja mpya kwa pointi za bure inafanya jambo hilohilo.

## Macho, pua na masikio

12. Ni kweli kwamba rangi nyekundu na njano huleta njaa?

Dai hili husambazwa kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi wake. Nyekundu huonekana kwa mbali na huvuta jicho, jambo linalotosha kuwa sababu kwa mkahawa ulio kando ya barabara yenye shughuli nyingi. Njaa, hata hivyo, haijathibitika hivyo. Lililo dhahiri zaidi ni kwamba rangi hizi zimetumiwa na chapa nyingi kwa miaka mingi, hadi macho yetu yakafundishwa kuziona na kufikiria chipsi.

13. Kwa nini baga ya kwenye bango haifanani na ile ninayokabidhiwa?

Ya kwenye bango ilipangwa na mtaalamu kwa saa kadhaa, kila kiungo kikivutwa mbele ili kionekane, na hakuna aliyekuwa akiisubiri. Mwaka wa 2012 McDonald's ya Canada ilitoa video ikionyesha wazi kazi hiyo: vitunguu na kachumbari ya matango vikiwekwa kwenye ukingo wa mbele kwa koleo ndogo, kisha picha ikisafishwa kwenye kompyuta. Ulikuwa uungwana wa aina yake, na pia tangazo zuri sana, kwa sababu watu walioyaona mapishi ya udanganyifu waliondoka wakiiamini kampuni zaidi.

Kuna mipaka. Mwaka wa 1970 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliichukulia hatua kampuni ya supu ya Campbell kwa sababu gololi za kioo zilikuwa zimewekwa chini ya bakuli ili mboga zielee juu na supu ionekane nzito. Viungo vyote vilikuwa vya kweli, lakini picha ilisema uongo kuhusu kiasi chake.

14. Harufu na muziki vinapangwa?

Muziki, ndiyo. Ronald Milliman alipima jambo hili katika mkahawa mmoja wa Marekani na kuchapisha matokeo mwaka wa 1986: muziki wa polepole uliwafanya wateja wakae muda mrefu zaidi na kutumia fedha zaidi kwa vinywaji. Mkahawa wa haraka wenye foleni ya mchana huhitaji kinyume chake, kwa hiyo muziki wa kasi, viti vigumu na taa kali si ajali.

Harufu ya mafuta ya moto inayowafikia wapita njia wa Moi Avenue hutoka jikoni tu, lakini mahali pa mkahawa pamechaguliwa kwa kuzingatia wapita njia hao. Anayetembea kutoka ofisini hadi steji ya matatu saa kumi na moja jioni, akiwa hajala tangu saa saba, hupita mbele ya milango mingi ya aina hiyo. Kodi ya chumba kilicho karibu na steji ni gharama ya matangazo iliyoandikwa kwenye daftari lingine.

15. Je, kuna ujumbe wa siri unaofichwa ndani ya matangazo ya video?

Hadithi hiyo ilianza mwaka wa 1957, James Vicary alipodai kwamba aliongeza mauzo ya bisi na Coca-Cola katika sinema moja ya New Jersey kwa kumulika maneno ambayo jicho halikuwahi kuyaona. Mwaka wa 1962 alikiri kwamba hakuwa na takwimu za maana. Kampuni hazina haja ya siri. Zile mbinu za wazi zinatosha.

## Watoto

16. Kwa nini matangazo mengi huwalenga watoto ilhali hawana pesa?

Kwa sababu wana wazazi. Mtoto hulipa kwa kuomba, na huomba bila kuchoka. Isitoshe, ladha na kumbukumbu zinazojengwa utotoni hukaa. Mteja wa miaka mitano ana miaka sitini ya kununua mbele yake.

Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilieleza mwaka wa 2004 kwamba watoto walio chini ya miaka minane hivi hawana uwezo wa kutosha wa kutambua kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Hulipokea kama habari. Mwaka wa 2007 Thomas Robinson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watoto 63 wa miaka mitatu hadi mitano jozi za vyakula vinavyofanana kabisa, kimoja kikiwa kwenye karatasi ya McDonald's na kingine kwenye karatasi isiyo na nembo. Watoto walielekea kusema kwamba chenye nembo kilikuwa kitamu zaidi. Hata karoti za kawaida za dukani zilipata utamu kwa sababu ya karatasi.

17. Kichezeo kinachokuja na chakula kina madhara gani?

Kichezeo huhamisha sababu ya kununua kutoka kwenye chakula. McDonald's ilianzisha mlo wa watoto wenye kichezeo mwaka wa 1979, na mbinu hiyo imeigwa kila mahali. Vichezeo huja kwa mfululizo, kwa hiyo cha kwanza hukiita cha pili. Jiji la San Francisco lilipitisha mwaka wa 2010 kanuni ya kuzuia vichezeo vya bure kwenye milo isiyofikia viwango vya lishe. McDonald's ya huko ikaanza kukiuza kichezeo kwa senti kumi, na kanuni ikabaki bila meno.

Nairobi, kichezeo kikubwa zaidi ni uwanja wa kuchezea watoto na sherehe ya siku ya kuzaliwa ndani ya mkahawa. Mzazi anayeishi kwenye ghorofa ya nne isiyo na ua hununua mahali pa mtoto kukimbia, na chipsi ni kiingilio. Ni vigumu kumlaumu mzazi huyo katika jiji ambalo viwanja vya wazi vya watoto ni haba namna hii.

18. Mtoto akililia kuku mbele ya watu Jumamosi, nimwambie nini?

Yaliyosemwa nyumbani kabla ya kutoka husaidia zaidi kuliko yanayosemwa mbele ya kaunta. Mtoto akijua kwamba leo ni siku ya kununua viatu na kwamba kuku ni wa siku nyingine iliyotajwa, ana jibu la kushikilia. Wa miaka minane na zaidi anaweza pia kufundishwa mchezo wa kulikagua tangazo: nani amelilipia, na anataka tufanye nini? Wengi huufurahia na huanza kuwaumbua wazazi wao.

## Simu, na mambo yenye utata

19. Programu za kuletewa chakula zimebadilisha nini?

Zimeondoa safari. Zamani hamu ya saa tatu usiku ilipambana na mvua, lango lililofungwa na nauli. Sasa Glovo, Uber Eats na Bolt Food humaliza vikwazo hivyo kwa kubonyeza. Kampuni inajua mteja aliagiza nini Ijumaa iliyopita na saa ngapi, na arifa inaweza kumfikia Ijumaa hii dakika ishirini kabla. Kuna pia kiwango cha chini cha oda cha kupata punguzo, ambacho humfanya mtu aongeze kitu cha shilingi 200 ili aokoe ada ya 100.

Malipo ya simu yana pande mbili. Pesa zisizoonekana hutoka kwa uchungu mdogo kuliko noti, lakini M-Pesa huleta papo hapo ujumbe unaotaja kiasi kilichotoka na salio lililobaki, na ujumbe huo umeharibu hamu ya wengi kabla ya kuku kufika.

Kuhusu washawishi wa mitandaoni, jibu ni fupi: anayesifu ndoo ya kuku kwenye video huenda amelipwa au amepewa bure, na asiposema hivyo, mtazamaji achukulie kwamba amepewa.

20. Je, mwenye kibanda naye hutushawishi?

Sana, ila kwa vyombo vingine. Anayeuza smoki na mayai huzikata mbele ya mteja na kuuliza kama aweke kachumbari akiwa tayari ameishika. Wa chipsi huongeza kiganja kimoja juu ya kipimo, na nyongeza hiyo humrudisha mteja kesho. Humjua mteja kwa jina na wakati mwingine humkopesha, jambo ambalo hakuna kadi ya pointi iliyowahi kulifanya. Tofauti ya maana ni kwamba ushawishi wake unaishia anapofunga kibanda.

21. Sakata la chipsi la mwaka wa 2022 linahusiana vipi na mada hii?

Mwezi wa Januari 2022 KFC iliishiwa na viazi nchini Kenya kwa sababu shehena kutoka ng'ambo ilichelewa. Wakenya, ambao wamezoea kuona magunia ya viazi vya Nyandarua vikishushwa sokoni, waliuliza mbona viazi vinaagizwa kutoka nje, na miito ya kuisusia chapa hiyo ikaenea mitandaoni. Kampuni ilieleza kwamba wasambazaji wake hupitia utaratibu wa ukaguzi wa kimataifa, kisha ikaahidi kuwatafuta wa hapa nchini.

Matangazo yalikuwa yamefanya kazi vizuri kupita kiasi: wateja walikuwa wameamini kwamba chapa hiyo ni ya nyumbani, na ndiyo maana walikasirika kama wenyeji waliosalitiwa. Mtu hamkasirikii mgeni kwa kubeba chakula chake.

22. Sheria ya Kenya inasema nini kuhusu matangazo haya?

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa afya yake, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya ukweli na ya staha. Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 zinakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha. Kwa upande wa data, Sheria ya 2019 inataka ridhaa kabla ya nambari ya simu kutumiwa kutuma matangazo, na hata picha za wateja zimo: mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake.

Pengo lipo kwa watoto. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yamewekewa vizuizi vikali vya matangazo na sheria ya 2012, lakini chipsi na soda hazina sheria ya namna hiyo. Kwingineko hatua zimechukuliwa: Quebec imezuia matangazo ya biashara kwa walio chini ya miaka 13 tangu 1980, Chile iliondoa vichezeo na katuni kwenye vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi mwaka wa 2016, na mfumo wa usafiri wa London uliviondoa vyakula hivyo kwenye mabango yake Februari 2019. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu watoto mwaka wa 2010 na mwongozo mkali zaidi mwaka wa 2023.

23. Utafiti wote kuhusu tabia za ulaji unaaminika?

Hapana. Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa mtafiti mashuhuri kupita wote katika uwanja huu hadi chuo chake kilipomkuta na makosa ya kitaaluma mwaka wa 2018. Makala zake zaidi ya kumi zimeondolewa na majarida. Ushauri mwingi unaosambazwa kuhusu ukubwa wa sahani ulitoka kwake, kwa hiyo ukurasa huu haukuutumia.

24. Nikiona tangazo lililonidanganya, nianzie wapi?

Anza kwa kuhifadhi ushahidi siku hiyohiyo, kwa sababu mabango hubadilishwa na kurasa hufutwa: picha ya tangazo ikionyesha masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, risiti, ujumbe wa malipo, na picha ya kile ulichokabidhiwa. Mwone meneja wa tawi kwanza na uombe jibu la maandishi. Lisiporidhisha, lalamiko la tangazo la kupotosha hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na lile la ujumbe usioombwa au picha iliyochapishwa bila ridhaa hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Baga iliyosinyaa ikilinganishwa na picha haitakufikisha mbali (tazama swali la 13). Bei iliyotangazwa kisha ikakataliwa kwenye kaunta ina uzito zaidi.